Nahodha, Baruti na Kamera

Walimu wetu wa fasihi walitufundisha kuitazama kazi ya sanaa kwa pande mbili, fani na maudhui, kisha kuuliza kama pande hizo zinakwenda pamoja. Kipimo hicho nimekitumia miaka mingi kwa riwaya, tamthiliya na mashairi, na wanachuo wangu wamekitumia kujibia mitihani. Kazi moja iliyokisumbua sana kipimo hicho mikononi mwangu si riwaya wala si utenzi. Ni filamu ya Kifaransa ya mwaka 1956 iitwayo Le Monde du silence, yaani Ulimwengu wa Ukimya, iliyoongozwa na nahodha Jacques-Yves Cousteau pamoja na Louis Malle. Fani yake ni ya hali ya juu. Maudhui yake, kwa mtu aliyeishi pwani kama mimi, yana mahali panapochoma. Katika kurasa hizi nataka kueleza kwa nini naihesabu filamu hiyo kuwa kazi kubwa kuliko zote alizofanya mtu huyo, na kwa nini naamini kwamba anayeruka sehemu zake mbaya hajaitazama.

Kwanza tumfahamu mtu mwenyewe. Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux, kusini-magharibi ya Ufaransa. Mwaka 1930 aliingia chuo cha jeshi la majini, na shauku yake ilikuwa kuwa rubani wa jeshi hilo. Mwaka 1936 alipata ajali mbaya ya gari iliyomvunja mikono, na ndoto ya urubani ikaishia hapo. Akawa anaogelea baharini huko Toulon ili kuirudishia mikono nguvu, na ofisa mwenzake, Philippe Tailliez, akampa miwani ya kuzamia. Ajali ilimnyima anga, miwani ikampa bahari.

Msomaji asidhani kwamba alizama kwa mapenzi ya viumbe. Alizama kama mwindaji. Filamu yake ya kwanza ya chini ya maji, ya mwaka 1942, inaonyesha wazamiaji wakiwachoma samaki kwa mishale, na yote ilipigwa kwa kubana pumzi, kamera ikiwa ndani ya kasha lisiloingia maji. Wakati huo nchi yake ilikuwa vitani, chakula kilikuwa haba, na samaki alikuwa kitoweo kabla ya kuwa kitu cha kutazamwa. Jambo hili tuliweke akilini, maana ndilo msingi wa yote yatakayofuata.

Mwishoni mwa mwaka 1942 alikutana na mhandisi Émile Gagnan, ambaye alikuwa ametengeneza kilango cha kupimia gesi kwa ajili ya magari yaliyoendeshwa kwa gesi wakati petroli ilipoadimika. Wawili hao wakakigeuza kilango hicho kiwe cha kupitisha hewa ya kupumua. Siri yake ni kwamba hewa hutoka mtungini pale tu mzamiaji anapovuta pumzi, na hutoka kwa mgandamizo ulio sawa na ule wa maji yanayomzunguka. Kabla ya hapo mzamiaji wa kazi alivaa helmeti nzito ya chuma, akafungwa mpira wa hewa uliotoka melini, akatembea sakafuni mwa bahari kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Kwa mtungi huu mgongoni aliweza kuelea, kugeuka na kwenda apendako. Kamera nayo ikapata uhuru huohuo.

Chombo chake mashuhuri, Calypso, kilikuwa meli ya mbao iliyoundwa Seattle, Marekani, mwaka 1942, kwa kazi ya kutegua mabomu baharini. Baada ya vita kikawa kivuko kati ya Malta na Gozo. Mwaka 1950 tajiri mmoja, Loel Guinness, alikinunua na kumkodisha Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka. Lakini kodi ya faranga moja hailipi mafuta wala mishahara ya mabaharia. Ndiyo maana mwaka 1954 Calypso ilikwenda Ghuba kupima sakafu ya bahari karibu na Abu Dhabi kwa ajili ya kampuni ya mafuta ya Waingereza. Mtu atakayejulikana duniani kuwa wakili wa bahari aliiendesha meli yake kwa fedha za watafuta mafuta. Simlaumu, shule nyingi nzuri nazo zimejengwa kwa fedha ambazo wajenzi hawakuzichunguza. Nalitaja kwa sababu halimo katika picha tunayopewa ya mzee mwenye kofia nyekundu.

Sasa tuingie katika filamu. Inaanza kwa wazamiaji wanaoshuka gizani wakiwa wameshika mienge inayowaka ndani ya maji, huku mapovu yakipanda juu yao. Hakuna hoja inayotolewa wala ramani inayoonyeshwa. Mtazamaji anashuka nao, na katika dakika chache amesahau kwamba amekaa kitini. Louis Malle alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee aliyetoka tu katika chuo cha sinema, naye alizama na kupiga picha pamoja na mabaharia. Naamini jicho lake ndilo lililoiokoa filamu hii isiwe somo la jeshi la majini. Tunaonyeshwa mabaki ya meli ya Thistlegorm, iliyozamishwa katika Bahari ya Shamu mwaka 1941, na kamera inapita juu yake polepole kama mtu anayepita makaburini. Tunaonyeshwa pomboo wakiongozana na Calypso. Katika kisiwa cha Assumption, Shelisheli, yaani katika Bahari hii yetu ya Hindi, tunakutana na chewa mkubwa ambaye mabaharia walimwita Jojo. Anawafuata wazamiaji kwa ajili ya chakula mpaka anakuwa kero, nao wanamfungia ndani ya kizimba ili wafanye kazi. Sijaona samaki mwingine katika sinema aliyepewa tabia kamili namna hiyo bila kutiwa maneno mdomoni.

Halafu kuna rangi. Maji huila rangi nyekundu kwanza. Mzamiaji akifika kina cha mita ishirini au thelathini, kitu chekundu huonekana cheusi au kijivu, na damu inayotoka katika jeraha huonekana ya kijani. Cousteau na wenzake walishuka na taa kali, na mara taa ilipowashwa, mwamba uliokuwa wa buluu tupu ukageuka kuwa mwekundu, wa manjano na wa zambarau. Rangi hizo zilikuwapo siku zote, lakini hapakuwa na mtu aliyeziona, kwa sababu jua halikuwa na nguvu ya kuzifikia.

Taa hiyohiyo inaangaza mambo mengine. Mabaharia wanakalia makobe wakubwa kama viti. Mzamiaji anamng'ang'ania kasa mgongoni mpaka mnyama huyo anachoka. Calypso inakutana na kundi la nyangumi, na mtoto wa nyangumi anakatwa na panga la injini. Wanamuua ili asiteseke zaidi, damu inawavuta papa, na papa wanaanza kumla. Hapo mabaharia wanashikwa na ghadhabu. Wanawavuta papa mmoja mmoja hadi sitahani na kuwapiga kwa shoka na kwa chochote kilicho karibu, kana kwamba papa ndio waliokuwa wakiendesha meli.

Na kuna baruti. Wazamiaji wanalipua mwamba wa matumbawe, kisha wanaokota samaki waliokufa na kuwapanga kwa hesabu. Msimulizi anakiri kwamba uvuvi wa namna hii ni uharibifu na kwamba wavuvi wamekatazwa kuufanya. Kisha anaeleza kwamba kwa mwanasayansi hii ndiyo njia ya pekee ya kuwahesabu viumbe wote wa mahali hapo. Kamera inamsogelea bunju aliyejivimbisha kwa maji, naye anakufa mbele yetu.

Mwaka 1994 chuo cha ualimu nilichokiongoza, kilichokuwa si mbali na bahari, kilikuwa kimepata televisheni na deki ya video, na filamu hii ilikuwa miongoni mwa kaseti za kwanza tulizopata. Niliwaonyesha wanachuo wa Jiografia na Biolojia. Miaka hiyo hatukuhitaji kuelezwa baruti ni nini. Asubuhi nyingi, bahari ilipotulia, tulisikia mlipuko mzito kutoka upande wa miamba, vioo vya madirisha vikatikisika, na mwalimu aliyekuwa ubaoni akasubiri kidogo kisha akaendelea. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilikuwa imekwisha kukataza jambo hilo, na wale waliokamatwa walifikishwa mahakamani.

Filamu ilipokwisha, kijana mmoja mtoto wa mvuvi alinyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu," alisema, "nahodha huyu alifungwa miaka mingapi?"

Darasa lilicheka, lakini yeye hakucheka. Alisema baba yake mdogo yuko ndani kwa kosa hilohilo. Mwenzake wa nyuma akadakia, "Angesema alikuwa anawahesabu!" Wakacheka tena.

Nilimjibu kijana yule ukweli ulivyo. Hakufungwa. Alipewa tuzo mbili: Palme d'Or ya tamasha la Cannes mwaka 1956, na filamu yake ikawa ya kwanza ya hali halisi kupata heshima hiyo, kisha tuzo ya Oscar kule Marekani.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu makini ambaye ushauri wake niliuheshimu, alipendekeza kwamba tukiionyesha tena filamu hiyo tupeleke kaseti mbele haraka tukifika kwenye papa na baruti. Alikuwa na sababu. Alihofu vijana watajifunza kwamba mwenye elimu anaruhusiwa kufanya anachokatazwa mvuvi. Tena alisema kwamba si haki kumhukumu mtu wa mwaka 1956 kwa mizani ya leo. Hoja hizi mbili zinastahili kujibiwa moja moja, na katika kuzijibu nimefikia uamuzi wangu juu ya filamu yenyewe.

Nianze na hoja ya wakati. Kwa habari ya papa, nakubali. Katika miaka ile karibu kila baharia alimwona papa kuwa adui, na nyangumi walikuwa bado wakivuliwa kwa maelfu. Azimio la kimataifa la kusimamisha uvuvi wao wa kibiashara lilipitishwa mwaka 1982 tu. Mabaharia wa Calypso walifanya kwa hasira jambo ambalo dunia yao haikuliona kuwa kosa. Tunaweza kusikitika bila kuwashitaki.

Lakini baruti ni kesi nyingine, ingawa damu yake ni kidogo na hakuna anayepiga kelele. Msimulizi mwenyewe amekwisha kutamka kwamba ni uharibifu. Hatuwezi kusema kwamba hakujua, wala hatuhitaji mizani ya leo kumpima. Anapimwa kwa maneno yaliyomo ndani ya filamu yake. Anachosema kwa kweli ni kwamba kitendo ni kibaya kinapofanywa na mvuvi, na ni chema kinapofanywa naye. Watazamaji wengi wa Ulaya wa siku hizi hushitushwa zaidi na shoka. Mimi hushitushwa na utulivu wa ile sauti inayoeleza baruti. Hasira hupoa na mtu akajuta, lakini aliyejipa ruhusa kwa hoja nzuri hulala usingizi mzuri.

Mwamba hauulizi cheti. Mlipuko ndani ya maji hupeleka wimbi la mgandamizo linalopasua kibofu cha hewa cha samaki aliye karibu, mkubwa na mdogo, anayeliwa na asiyeliwa. Wengi huzama na hawaokotwi kabisa. Matumbawe yaliyokuwa yamejijenga kwa miaka mingi huwa kokoto, na kwenye kokoto zinazosukumwa na mawimbi matumbawe machanga hushindwa kushika. Haya yote hutokea kwa namna moja, awe aliyewasha utambi ni profesa au ni mtu anayetafuta fungu la kuuza mnadani.

Hapo ndipo hoja ya pili ya mwenzangu, ile ya kwamba vijana watajifunza vibaya, ilipogeuka. Yule kijana hakujifunza kwamba msomi anaruhusiwa. Alijifunza kuuliza kwa nini anaruhusiwa. Tungepeleka kaseti mbele, swali lile lisingezaliwa, na wanachuo wangetoka wakimsifu Jojo na kukumbuka rangi za mwamba. Wangekuwa wameona filamu nzuri ambayo haikupata kutengenezwa.

Kwa nini basi naiita kazi bora? Kwa sababu waliokuwa na mkasi hawakuikata. Cousteau na Malle walikuwa na nafasi ya kututolea filamu ya nuru na pomboo, nasi tusingejua. Waliacha kila kitu. Sisemi waliacha kwa toba. Yaelekea waliacha kwa sababu hawakuona cha kuficha, na pengine waliona fahari. Lakini ushahidi hauhitaji nia njema ya shahidi. Kamera ilipokea kile ambacho mshika kamera hakuwa bado amekielewa, ikakitunza mpaka yeye mwenyewe na sisi tulipofika umri wa kukielewa.

Maana mtu yule alibadilika. Mwaka 1960 alisimama hadharani kupinga mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Bahari ya Mediterania, na waliopanga walikuwa wakuu wa nishati ya atomiki wa nchi yake mwenyewe. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1976 mfululizo wake wa televisheni uliingiza bahari katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kuona ufuko. Mwaka 1973 alianzisha chama cha kutetea bahari. Alipokaribia miaka themanini alipigania Antaktika isichimbwe madini, na mwaka 1991 mkataba uliosainiwa Madrid ukazuia uchimbaji huo.

Nini kilimbadilisha? Wengine husema ni uzee, wengine husema aliona upepo unakovuma. Mimi nashikilia maelezo aliyoyatoa mara nyingi yeye mwenyewe, kwamba alirudi. Alizama tena mahali alipozama ujanani na kukuta samaki wamepungua na mwamba umekuwa mtupu. Mvuvi wa madema anaijua hali hii kuliko sisi. Yeye huliweka dema lake palepale mwaka hadi mwaka, kwa hiyo bahari ikipungua hupungua mkononi mwake. Mlipuaji huhama. Akimaliza mwamba huu huenda mwamba wa pili, na kila asubuhi kwake ni neema mpya. Calypso ya mwaka 1955 ilikuwa chombo cha kupita. Nahodha aliyekuja kuitetea bahari alikuwa amegeuka mtu wa madema.

Hata hivyo, filamu zake za baadaye siziweki mbele ya hii. Ni safi zaidi, zina muziki mzuri na mawaidha mema, lakini aliyezitengeneza alikwisha kujua jinsi atakavyoonekana. Tunamwona mzee mwenye hekima na mabaharia mashujaa. Mkewe wa kwanza, Simone, aliishi ndani ya Calypso muda mrefu kuliko mtu yeyote, na inasimuliwa kwamba aliuza vito vya ukoo wake ili chombo kipate vifaa. Alifariki mwaka 1990, na katika filamu zote hizo tunamwona kwa nadra sana. Anayejua wapi pa kuelekeza taa anajua pia wapi pa kuizima.

Nina neno moja pia juu ya jina la filamu. Bahari si kimya. Kamba wadogo wa miambani hutatarika usiku na mchana, samaki hukoroma, na mwaka 1971 wataalamu wa Marekani walichapisha uchunguzi wao kuhusu nyimbo za nyangumi wa nundu, hao hao wanaopita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba. Ukimya ulikuwa upande wa wasikilizaji. Katika filamu ile hata wenye pwani hawana sauti. Msimulizi na mabaharia wake ndio wanaosema, na mvuvi anatajwa kwa ajili ya kukatazwa tu.

Maisha ya nahodha hayakukosa majonzi. Mwanawe Philippe, aliyetarajiwa kumrithi, alikufa mwaka 1979 katika ajali ya ndege ya majini huko Lisbon. Mwaka 1996 Calypso iligongwa na tishari bandarini Singapuri na kuzama. Yeye mwenyewe alifariki Paris tarehe 25 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 87. Heshima alizopewa zilikuwa kubwa, na nyingi alizistahili.

Kwa walimu wanaoendelea na kazi nina ushauri mmoja. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeendelea kuikataza baruti, na ni vyema wanafunzi waijue sheria hiyo. Lakini sheria peke yake humfundisha kijana kumwogopa askari. Filamu hii ikionyeshwa yote, bila kurukwa, humfundisha kwamba elimu nayo inaweza kushika utambi, na kwamba mtu mwenye kipaji, ujasiri na shahada za heshima anaweza kuyaharibu makao ya wengine huku akiyahesabu. Humfundisha pia kwamba mtu huyohuyo anaweza kurudi, akatazama, na akatumia miaka yake iliyobaki kwa kazi nyingine. Walimu watakaoionyesha waache nafasi baada ya picha ya mwisho, wasiharakie kufafanua. Kila darasa la pwani lina kijana ambaye ana ndugu gerezani, na ni haki yake auulize swali lake.